Mgonjwa Mtiifu

Siku ya mwisho ya dawa, Fundi Saa alificha kidonge chini ya ulimi.

"Babu, fungua mdomo," alisema mhudumu wa afya. "Inua ulimi. Ehee! Mtoro huyu hapa."

"Kimenasa tu."

"Kimenasa! Miezi tisa unameza kama kuku anavyodonoa mtama, leo ndiyo kinase?" Akammiminia maji. "Meza, mzee wangu, tusigombane siku ya kuagana."

Fundi akameza. Ule uvimbe wa shingoni, uliomfanya aonekane kama mtu aliyebugia yai zima likakwama njiani, sasa ulikuwa kovu tu.

Mwanzoni alidhani ni jino. Hospitali nao wakadhani ni jino, wakaling'oa, jino la watu lisilo na kosa. Baadaye maabara ikasema ni TB, tena si ile ya kuambukizwa na mtu, ni ya ng'ombe. Ilimwingia na maziwa. Tangu afiwe na mkewe, Fundi alikuwa akienda kwa jirani kila asubuhi kununua glasi moja ya maziwa, na kuyanywa palepale bandani, mabichi. Kuwasha jiko kwa ajili ya glasi moja, alisema, ni kujisimanga.

Basi mhudumu akawa anakuja kila siku saa mbili, maana kanuni ya kazi yake ni kwamba dawa imezwe mbele ya macho yake. Aliegesha baiskeli ukutani, akakalia kiti ambacho zamani wateja walikikalia kusubiri saa zao. Dakika mbili za vidonge, nane za utani. Fundi akimbana vizuri kwa habari, zilifika ishirini. Akishaondoka, nyumba ilinyamaza hadi kesho yake. Ukutani zilikuwapo saa saba, zote zinakwenda, na hakuna wa kuuliza ni saa ngapi. Wanawe walikuwa mbali. Walipiga simu mwisho wa mwezi, mtandao ukiwa na huruma.

"Nitakutaja kwenye semina," alisema mhudumu huku akijaza kadi. "Mgonjwa wangu bora. Hujakosa hata siku moja. Wenzako wakiniona mlangoni wanatokea dirishani."

"Na kesho?"

"Kesho lala mpaka godoro likuchoke. Umepona, Babu! Mimi naenda kumsumbua mwingine."

"Lakini ukipita huku utaingia."

"Nikipata nafasi," alijibu. Hakuzoea kusema uongo, kwa hiyo aliiambia kadi.

Fundi akaikung'uta meza, ingawa haikuwa na vumbi. "Hivi, mtu akiugua tena inakuwaje?"

"Ushindwe! Tunaanza moja. Kila siku, tena miezi inaweza kuongezeka." Akamkazia macho. "Ila wewe huugui tena. Maziwa si unachemsha?"

"Mpaka yanazima jiko."

"Safi. Na ng'ombe wa jirani wameshapimwa. Watano wazima. Yule mwekundu ndiye mwenye ugonjwa, gari la mifugo linamfuata kesho. Maziwa yake jirani kaambiwa ayamwage shimoni. Wewe hata karibu naye usisogee, akikupumulia tu anaweza kukuachia zawadi."

"Sisogei."

"Ndiyo maana nakupenda. Ukiambiwa unasikia."

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda baiskeli. Fundi alisimama mlangoni mpaka baiskeli ikapinda kona, kisha akasimama kidogo tena, kama vile kona hubadili mawazo.

Alirudi ndani. Akaosha bilauri ya dawa, akaifuta, akaipanga kabatini. Akakisogeza kile kiti ukutani, akakirudisha pale pale. Ilikuwa bado saa tatu kasoro. Saa zote saba zilikubaliana.

Akavaa koti, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jirani alikuwa amekwenda kukata majani. Ng'ombe watano walikuwa bandani wakitafuna, bega kwa bega. Yule mwekundu alifungwa peke yake nyuma ya banda, kwenye kigingi, na ndoo yake ya maji peke yake. Aliposikia hatua za mtu aligeuza shingo yote.

"Pole, mama," Fundi akamwambia. Akamkuna kati ya pembe. "Na wewe hakuna anayekusogelea, eh?"

Ng'ombe akapumua puu! usoni pake. Fundi hakurudi nyuma.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akachuchumaa, akatoa kikombe mfukoni mwa koti, akakamua mpaka kikajaa povu. Akanywa chote kikiwa bado na joto, akajipangusa midomo, akakamua cha pili.