Kona Isiyoshika Gundi

Honi ilisikika kabla gari halijakata kona. Piii-poo, kama bata mwenye mafua.

Mkasi alifumba macho. "Si lile. Babu, niambie si lile."

"Ni lile," akajibu babu yake, ambaye tayari alikuwa amesimama akiiweka sawa kofia yake mpya.

Gari likaingia karakana taratibu: la kizamani, rangi ya maziwa, taa za duara kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Kwenye usukani alikaa binti mmoja mrembo. Kando yake alikuwa bibi yake, mwalimu mstaafu, mwenye gari. Mwalimu alifungua mlango, akaonyesha miguuni pake kwa ncha ya mwavuli.

"Limebanduka tena, fundi."

Mkasi akapiga magoti. Kapeti jipya, jekundu la kuiva, lilikuwa limelala vizuri kila mahali: juu ya nundu ya giaboksi, chini ya viti, mpaka kwenye kanyagio. Kona moja tu, pale mlangoni upande wa abiria, ilikuwa imejikunja kama ulimi wa mtu anayekuzomea.

Kijana huyu hakuitwa Mkasi kwa sababu ya kukata vitambaa tu. Ulimi wake nao ulikata. Mtaa mzima ulijua majigambo yake, mengine ameyatia vina. Gari hili lilikuwa la kwanza kukabidhiwa yeye peke yake. Alikuwa amelitoa viti vyote, akakwangua kutu, akalianika kapeti juani lilainike, akalikata kwa kufuata vipande vya lile la zamani. Siku ya kulikabidhi gari alitamba mbele ya watu: "Gundi ya Mkasi haijui talaka."

Sasa zilikuwa talaka tatu. Na Jumamosi iliyopita, kwa hasira, alikuwa ameapa mbele ya hawa hawa kwamba likibanduka tena, anatundika mkasi ukutani na kwenda kuuza maji ya chupa.

"Babu, mimi na ufundi basi."

"Si nilikukataza kuapa? Bandika kwanza, maji utauza baadaye."

Mkasi akapaka gundi kwenye bati, akapaka na mgongoni mwa kapeti, akangoja ikauke hata isinate kidoleni. Wakati huo ndipo alipoinama na kutazama vizuri.

Gundi ya zamani haikuwa imechoka. Ilikuwa imepasuliwa mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba kitu chembamba kimepitishwa chini yake. Kapeti halikubanduka. Lilibanduliwa.

Moyo ukamruka. Nani angelibandua, kama si mtu anayetafuta sababu ya kurudi hapa? Akachungulia kupitia dirisha la gari. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, anazungusha funguo kidoleni, anatazama nje. Anajifanya hanitazami, Mkasi akawaza, na ubeti ukamjia wenyewe: *kumbe kona si legevu, ni moyo umelegea.*

Akaigandamiza kona kwa kiganja, akakimbilia bombani. Alinawa uso kwa sabuni ile ya kutolea grisi, akarudi ananukia kama ndoo.

Ndani, babu alikuwa anammiminia mwalimu kahawa ya pili. Gundi ilihitaji kukaa, na babu hakuwahi kuiharakisha gundi.

"Dada," Mkasi akasema kwa sauti ya chini, "siri yako nimeijua."

"Siri gani?"

"Ya kona. Kama ulitaka kuniona, ungepiga simu tu."

Binti alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akacheka mpaka akashikilia benchi.

"Mimi? Kaka yangu, nina mchumba. Kila Jumamosi ananingoja uwanjani, nami niko hapa nanusa gundi yako. Hebu lishone kwa waya, nikapumzike."

"Kwa hiyo si wewe?"

"Na bibi nikimwambia tutafute fundi mwingine, ananiambia nina haraka ya nini."

Basi, ule mstari macho yalimdanganya. Kama si binti, ni gundi. Na kama ni gundi, ni mkono ulioipaka. Mkasi hakuwa mtu wa kuvunja kiapo chake. Alivua aproni, akaikunja, akachukua nyundo na msumari.

Babu akampita akielekea kwenye gari. Desturi ya karakana ile ilikuwa moja: gari halitoki mpaka babu apitishe kidole gumba kwenye kila ukingo, asukumize pembe kwa kipande chake cha mfupa, kilicholainika kwa miaka. Kazi hiyo aliifanya bila kusimamiwa. Macho ya watu, alisema, yanamtia ganzi mkononi.

"Nenda kamwonyeshe binti vitambaa vya viti," akamwambia mjukuu.

"Hataki vitambaa, babu. Na mimi natundika mkasi."

Alisimama mbele ya ukuta, msumari midomoni, akitafuta mahali ambapo kila mteja angepaona. Ndipo aliposikia.

Krrrap.

Sauti ya gundi mbichi ikiachana na bati. Mkasi angeitambua hata usingizini. Akazunguka nyuma ya gari kwa kunyata.

Babu alikuwa amepiga magoti, yale magoti yake ambayo tangu mwaka jana yalikataa kukunjika, mfupa umezama chini ya kapeti. Mwalimu alikuwa ameinama kando yake, amemwinulia kona kwa vidole viwili.

"Ongeza kidogo, mzee," alinong'ona. "Jumamosi ni mbali."

"Usihofu, mwalimu," babu akasema, akausukuma mfupa ndani zaidi. "Safari hii halifiki Jumatano. Nakuahidi."