Kindi na Tangazo la Ufadhili

Katika mtihani wa mwisho Kindi alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Fuko. Kwao Kindi hapakuwa na karo ya chuo, kwa hiyo alipoona tangazo la Mzee Tembo kwenye shina la mvule, moyo ulimruka. Tembo angemlipia karo yote mwanafunzi mmoja, yule atakayewapita kwa alama waombaji wenzake.

"Fuko akipata habari hii, mimi nimekwisha," alijisemea.

Akapeleka maombi yake mbio, kisha akarudi kulibandua tangazo. Ndege Kanga, asiyekosa neno, akamwona.

"Wewe! Hilo ni la wote. Unalipeleka wapi?"

"Nalitunza, shangazi. Mvua isije ikalilowesha."

Kindi akitaka kuficha kitu, kiwe karanga au siri, anajua njia moja tu. Alichimba shimo kichakani, akalifukia tangazo, akaukanyaga udongo mpaka ukashikamana.

Siku ya matokeo, Tembo alisoma jina moja: Fuko.

Kindi alikuwa bado ameduwaa Fuko alipomjia na kumkumbatia.

"Kaka, nikulipe nini? Nililikuta tangazo limening'inia sebuleni kwangu, linanuka kucha zako!"

"Lakini... lilikuwa mtini," Kindi akasema kwa sauti ndogo.

"Mtini?" Fuko akacheka. "Mimi na miti wapi na wapi? Ungeliacha huko, nisingelijua hadi leo."