Mpira wa Pampu

Katikati ya maji mashine ya boti ilikohoa, ikafuka moshi, ikaungua, ikazima. Ule uzi wa maji unaotoka ubavuni mwake ulikuwa umekonda wiki nzima, dalili kwamba mpira wa pampu ya kupoza mashine umelika. Kila asubuhi nahodha aliuona, akasema, "Kesho."

Ng'ambo, hospitalini, mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa. Humo botini, mama mkwe alipakata nguo za mtoto.

"Si ulisema umeifanyia sevisi, baba?"

"Nimeifanyia, mama. Juzi tu."

Alipoinama kufungua kifuniko, kipakiti kikamdondoka mfukoni: mpira mpya, bado umo kwenye nailoni yake.

Mama mkwe akakiokota, akampa kwa mikono miwili.

Wenye aibu huomba ardhi ipasuke iwameze. Yeye hata ardhi hakuwa nayo.

Mama mkwe akavua viatu, akashika kasia.