Kimondo cha Dereva Fanueli

Siku hiyo mjinga alikuwa Fanueli, na leo ukimuuliza hakatai. Ila asubuhi ile alikataa, tena kwa kifua mbele, akiwa amesimama kwenye banda la Nesta fundi redio bila koti, baridi ya Tunduma ikimgonganisha meno.

Shingoni alikuwa amening'iniza kibonge cha kijivu, ukubwa wa yai, kwa kamba ya kiatu.

"Niwekee simu kwenye chaji, dada Nesta. Chaja ya gari imegoma tangu jana, na redio nayo imeninunia. Ila hiki usikiguse."

"Ni nini?"

"Kimondo."

Nesta aliweka bisibisi chini. Gwamaka, dereva aliyekuwa nyuma ya Fanueli kwenye foleni, alikuwa pale akinywa chai, na chai ikampalia.

Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa haijasogea kwa siku nne. Lori la Fanueli lilikuwa la tano kutoka getini. Sheria kila dereva anaijua: likiitwa usiposogea, unapitwa, unarudi mkiani. Na Fanueli mkiani hakuwa na muda wa kwenda. Ilikuwa Alhamisi. Mzigo wake ulikuwa wa kushusha Kasama, ndani ya Zambia. Akivuka leo, akashusha na kurudi bila kulala, Jumapili angekuwa kanisani kwao Msangano, binti yake Faith akipata kipaimara. Ubatizo alikuwa njiani. Mahafali alikuwa njiani. Safari hii alikuwa amemwambia mtoto, "Nikikosa, usiniite baba."

"Anayevaa hiki hachoki wala hasinzii," alisema. "Ana nguvu za watu kumi."

"Wa nguvu za watu kumi ninaye hapa," Nesta alisema. "Anaitwa jeki."

Fanueli alichomoa kitabu cha katuni mfuko wa nyuma. Alikuwa nacho tangu ujana, jalada limeshikwa na gundi. "Huyu hapa, Jemedari Radi. Aliokota jiwe la nyota, akainua lori kwa mkono mmoja. Ninyi na fizikia yenu kazi ni hiyo hiyo, kucheka tu."

"Amesimama juu ya nini?"

"Juu ya barabara, kwani wewe ulitaka asimame wapi?"

"Basi uzito wote wa lori umeshuka kwenye nyayo zake mbili. Angedidimia kwenye lami kama msumari, huyo Jemedari wako."

"Hayo ni mambo ya kitabuni."

"Na hicho ulichoshika ni nini, mkate?"

Gwamaka alicheka mpaka akakaa. Fanueli hakurudi nyuma. Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Mimi nimeona kwa macho haya, tena jana jioni. Kuna bwana anaitwa Osea, anauza vimondo pale nyuma ya vibanda. Alikiyeyusha kimondo ndani ya kopo, juu ya jiko la mkaa, akachovya vidole viwili humo humo. Akavitoa vizima. Nikampa koti langu, akanimiminia changu kwenye mchanga. Hata leo alfajiri nilikiona kama kina joto."

"Kabla ya kuchovya, alinawa?"

"Alinawa. Kwa heshima ya jiwe."

"Heshima. Maji yaligeuka mvuke kabla moto haujafika kwenye ngozi, akawa amevaa glavu ya mvuke kwa kufumba na kufumbua. Angechelewa kidogo tu, vidole angeviacha kwenye kopo. Na usiende kujaribu."

"Una wivu."

"Mimi kwetu Mbozi. Jiwe la Ndolezi, kimondo cha kweli, nimelizunguka tangu darasa la tatu. Lile ni chuma, kaka Fanueli. Chuma hakiyeyuki kwenye jiko la kupikia maharage."

Alitoa sumaku ya spika mbovu, akaigusisha kwenye nyundo yake. Ikang'ata. Akaigusisha kwenye kibonge cha Fanueli. Ikateleza kama juu ya sabuni.

"Umeona?"

"Nimeona," Fanueli alisema. "Kina nguvu kuliko sumaku, kimeisukuma."

"Hii ni risasi, yale madini. Laini, nzito, inayeyuka upesi." Nesta alikikwaruza kwa ukucha, alama ikabaki. "Huyo Osea alivaaje?"

"Suruali imejaa vitundu vitundu. Cheche za nyota zilimrukia."

Nesta alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye lori la Fanueli, ubavuni, nyuma ya tairi la mbele, ambako kifuniko kilikuwa kimeachwa wazi. Alitazama kwa muda.

"Jana mchana gari ulimwachia nani?"

"Nilivuka kwa shangazi Nakonde kula. Lori limesimama siku nne, linahitaji mlinzi wa nini? Usinibadilishie mada, dada."

Honi ililia getini. Foleni ilikuwa imefunguliwa. Mbele, malori yakaanza kunguruma moja baada ya jingine, na moshi mweusi ukatanda. Gwamaka alimwaga chai, akakimbilia lake.

Fanueli aliinuka taratibu, kama mtu ambaye hajashindwa. Alikirudisha kibonge ndani ya shati, akanyoosha kidole.

"Haya, ni risasi. Nimekubali, ufurahi. Lakini nitaivaa, nitafika Kasama, na Jumapili nitakuwa kanisani, upende usipende. Kwanza nimepoteza nini? Koti. Hakuna kingine alichonichukulia yule bwana."

Nesta alichomoa simu kwenye chaji, akamkabidhi.

"Risasi ya Tunduma inatolewa kwenye betri za malori, kaka, na tindikali yake ndiyo hutoboa suruali. Kawashe gari."