Mtoa Mada wa Jumamosi

Siku hizo sheria ilitaka kila mwandishi wa habari afutiwe kumbukumbu zote za mtu aliyempa siri, mara tu habari inapotoka, ili asiweze kumtaja hata akiteswa. Kumkumbusha ilikuwa marufuku.

Bi Zawena, muuguzi, aliijua sheria hiyo. Lakini watoto wa wodini kwake walipoendelea kufa kwa dawa bandia, alimweleza yote mwandishi pekee aliyemwamini, binti yake Hidaya. Dawa zile ziliondolewa. Hidaya akapelekwa kufutiwa, akarudi hamjui mama yake.

Mwaka uliofuata Bi Zawena aliona tangazo la klabu ya waandishi: Jumamosi, mhadhara wa wazi na mafunzo kwa waandishi chipukizi, mtoa mada Hidaya Mhina. Akaenda, akakaa kiti cha mbele. Hidaya alikuwa amekonda. Ulipofika wakati wa maswali, Bi Zawena akanyoosha mkono.

“Mwanangu, huwa unamfikiria aliyekupa habari ile?”

“Ndiyo, mama,” Hidaya alijibu kwa upole, akimwita kama anavyoitwa mwanamke yeyote mtu mzima. “Simkumbuki, ila namwombea. Nadhani alipoteza kitu kikubwa.”

“Na wewe, huko nyumbani unakula vizuri?”

Watu wakacheka. Hidaya hakucheka. Alimtazama, kisha akamshukuru na kumgeukia muulizaji mwingine.

Mlangoni, Bi Zawena aliuliza ni lini Hidaya atazungumza tena, akajiandikisha.