Nje ya Nguvukazi

Leokadia, karani wa takwimu, alikaa ukingoni mwa kochi, kishikwambi mapajani. Mwenye nyumba, Adelaida, alikuwa akimlisha mama yake uji.

"Wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?"

"Ya malipo? Hapana, dada."

"Katika wiki nne zilizopita, umetafuta kazi?"

Adelaida alimfuta mama yake kidevu. "Niitafute saa ngapi? Huyu nimwache na nani?"

Leokadia alibonyeza "hapana," na fomu ikaandika yenyewe: nje ya nguvukazi.

"Kwa hiyo nimehesabiwa na wasio na kazi?"

"Hapana. Asiye na kazi ni yule anayeitafuta. Wewe hata kwenye hesabu hiyo humo."

Leokadia aliyajutia maneno yale papo hapo. Mwezi mzima alikuwa amebonyeza hivyo kwa wanawake wengi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Adelaida aliweka bakuli mezani. Miaka kumi na miwili alikuwa amechomelea vyuma katika kiwanda cha lifti, na mikono yake bado ilikuwa na makovu ya cheche. Akachukua simu, akatafuta namba ya msimamizi wake wa zamani.

"Usifunge fomu bado," alisema.

Leokadia alijua zamu za kiwandani huanza alfajiri, na mama huyu bado hakuwa na wa kubaki naye. Hata hivyo alirudi kwenye swali, akafuta jibu. Simu ikaanza kuita. Mama akafungua kinywa, akingoja, na Leokadia, ambaye hakutumwa kufanya lolote ila kuuliza, akachukua kijiko.