Ndoa ya Ng'ambo ya Mto

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tatu Machi, karani wa wilaya alipokataa kumpa mzee Ezra kibali cha kumzika mkewe, Lavinia, kwenye makaburi ya ukoo wa Ezra.

"Cheti chenu ni cha wilaya hii, mzee. Mchungaji aliwafungisha ndoa akiwa ng'ambo ya mto, na kule ni wilaya nyingine. Kisheria hamkuoana."

"Daraja si lilisombwa na mafuriko, na nyie wakubwa mkakaa mwaka mzima bila kulijenga? Alitusomea viapo kwa kelele toka ng'ambo, tukamjibu ndiyo mpaka koo zikakauka!"

"Marehemu hana mume. Atazikwa kwenye makaburi ya wasio na ndugu."

"Miaka arobaini mnatuandika mume na mke kwenye sensa, leo ndo mmejua kusoma?"

Karani akachovya kalamu, akaishikilia juu ya karatasi.

"Haya, andika," Ezra alisema. "Kama hakuwa wangu, miaka yote hiyo nimeishi na mke wa nani?"